Kisiki Bado Kina Uhai



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya neno moja linalorudiwa sokoni, kwenye pompi ya maji na hata mlangoni mwa kanisa: "Pori limekwisha." Wanalisema wale wanaotoka hapa Kipushi kwenda mashambani, wakiona vichaka pale ambapo zamani ilikuwa lazima kuinua kichwa ili kuona juu ya mti. Wanalisema wauzaji wa bowa, ambao sasa wanaamka usiku na kwenda mbali kabla ya kupata kikapu kimoja. Sisi tunaofundisha tunalisikia hata kwa watoto.

Neno hilo ni kweli nusu, na ndiyo maana lina hatari. Mtu akiamini kwamba kitu kimekwisha, haoni tena sababu ya kukichunga. Anakata kile kidogo kilichobaki kabla mwenzake hajakikata. Lakini ukitoka nje ya mji na kutazama chini badala ya kutazama juu, utaona jambo jingine: visiki vingi vya pori letu havijakufa.

Tukumbuke kwanza pori hili ni la namna gani. Ni msitu wa miombo, ambao haukuanza kwetu wala hauishii kwetu: unatoka Angola, unapita Katanga na Zambia, unafika Tanzania, Malawi na Msumbiji. Miti yake wazee wetu wanaijua kwa majina: mutondo, muputu, mubanga, musuku, mupundu. Chakula chake tunakijua kwa midomo yetu. Masuku. Asali. Viwavi vya kula, ambavyo ndugu zetu Wabemba wanaviita ifinkubala. Bowa wa tente, na ule mwingine wa manjano unaoota makundi makundi mvua ikikolea. François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori la namna hii. Alikiita Se nourrir en forêt claire africaine, maana yake kujilisha katika msitu wa miti iliyoachana. Mgeni aliona kwamba chakula cha mabibi zetu kinastahili kitabu kinene.

Tazameni pia wakati ambao vyakula hivyo vinakuja. Viwavi na masuku huja mvua zinapoanza. Bowa huja kati ya mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa tatu. Hiyo ni miezi ambayo unga wa mwaka uliopita umepungua na mahindi mapya hayajakomaa. Pori linaleta mboga ya bukari wakati shamba bado halijatoa kitu. Mama asiye na franka za kununua samaki au nyama alikuwa akiwapa watoto viwavi, na watoto walikua vizuri. Kwa hiyo tukisema pori linapungua, tunasema sahani ya mwezi wa kwanza inapungua.

Tena bowa wa tente na ule wa manjano hauwezi kupandwa shambani kama lengalenga. Unaishi umeungana na mizizi ya miti ya miombo chini ya ardhi: mti unaupa chakula, nao unausaidia mti kunyonya maji na rutuba. Ukiondoa mti pamoja na mizizi yake, bowa huo nao unakwenda. Viwavi ni hivyo hivyo, maana vinakula majani ya mutondo na muputu. Hakuna mutondo, hakuna kiwavi.

Je, pori limepungua kiasi gani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamelinganisha picha zilizopigwa na satelaiti. Katika eneo ambalo mji wa Lubumbashi unapata makala yake, mwaka 1990 msitu ulifunika zaidi ya robo tatu ya ardhi. Mwaka 2022 ulikuwa umebaki karibu sehemu mbili tu kati ya tano. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1990 leo ni mama mwenye watoto shuleni. Mabadiliko yote hayo yametokea katika umri wake.

Sababu tunazijua. Mashamba yameongezeka kwa kuwa watu wameongezeka. Matofali yanachomwa kwa kuni. Lakini sababu inayotugusa kila siku ni makala. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni 2, uko kilomita kama 30 tu kutoka kwetu, na nyumba nyingi huko, kama hapa, zinapikia mbabula. Bwawa la Mwadingusha linatoa umeme tangu mwaka 1930, na mengine yakafuata miaka ya 1950, lakini yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda. Nguzo zinapita juu ya vijiji, na chini yake mama anapepea moto kwa mfuniko wa sufuria.

Makala yanakula miti kuliko tunavyofikiri. Mchomaji anakata miti, anaipanga, anaifunika kwa majani na udongo, kisha anaacha iungue polepole siku nyingi bila hewa nyingi. Katika tanuri la udongo kama hilo, kilo moja ya makala inahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni, kufuatana na ufundi wa mchomaji na ukavu wa miti. Kwa hiyo mfuko mmoja unaouona juu ya kinga, kijana akiusukuma kupanda mlima kwa jasho, nyuma yake kuna miti mizito kuliko mfuko huo mara nyingi.

Hapa mtu atauliza: na mgodi je? Mbona mnawasema wenye mbabula na kuacha wenye mashine? Ni swali la haki, na tusilikimbie. Kipushi imezaliwa na mgodi. Kazi ilianza mwaka 1924 chini ya Union Minière du Haut-Katanga, ikaendelea na Gécamines, ikasimama mwaka 1993, na uzalishaji ukaanza tena mwaka 2024. Familia nyingi hapa zina baba au babu aliyeshuka chini. Mgodi umelisha watu, na mabaki yake yamelala juu ya ardhi. Wakati wa kiangazi upepo unapovuma, vumbi lake linaingia nyumbani bila kubisha hodi.

Uharibifu huo ni wa namna nyingine kabisa. Lubumbashi, tanuri kubwa la shaba lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wenye salfa na vumbi la madini viliangukia upande ule upepo unakoelekea. Mahali panapoitwa Penga Penga ardhi ilibaki uchi. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walilazimika kujaribu huko majani yanayovumilia shaba, wakiuongezea udongo chokaa na mbolea, ili angalau ufunikwe. Huko hakuna kungoja kisiki kichipue. Udongo wenyewe umeingia sumu. Na mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi mno. Ndiyo maana tunarudia kila mara: watoto wasicheze juu ya mabaki ya mgodi, mboga zioshwe sana, na vumbi la nyumbani lipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa likiwa kavu.

Jeraha la sumu ardhi haiwezi kujiponya yenyewe. Litalipwa na wale walioleta sumu, na sisi lazima tuendelee kuwadai kupitia viongozi wetu. Lakini jeraha la shoka ardhi inaweza kujiponya, tukiiruhusu. Tusingoje la kwanza litatuliwe ndipo tushughulike na la pili, kwa sababu hili la pili dawa yake iko mikononi mwetu.

Mutondo au muputu ukikatwa, mizizi haifi. Ina akiba ya chakula chini, na mvua zikija inatoa machipukizi mapya kuzunguka kisiki. Miti mingi ya miombo iko hivyo. Kwa upande mwingine, mche uliotoka kwenye mbegu una safari ndefu: kwa miaka mingi sehemu ya juu inakauka au kuungua kila kiangazi, na mmea unajenga mizizi tu kabla ya kupata nguvu ya kusimama. Kwa hiyo kisiki kimoja chenye uhai kina thamani kuliko miche mingi tunayoipanda siku ya sherehe na kuisahau. Kikiachwa, baada ya miaka 20 hadi 30 kinaweza kutoa tena miti ya kukata.

Hili tulilijaribu kuliona kwa macho. Tuliwapeleka wanafunzi wetu kwenye kipande cha pori kilichokatwa si mbali na mashamba ya wazazi wao, kila mtoto na vitambaa vya kitenge kikuukuu, tukawaambia wafunge kitambaa kwenye kila kisiki chenye machipukizi. Vitambaa vilikwisha, visiki vikabaki. Watoto walishangaa, maana walikuwa wamekuja kuhesabu maiti.

Siku chache baadaye mama mmoja alitujia. Anachoma makala pamoja na watoto wake wakubwa, na mtoto wake mdogo ni mwanafunzi wetu. Alisema kwa heshima lakini bila kuficha: "Mwalimu, mkivika visiki nguo, mimi watoto wangu nitawavika nini?" Tulikaa naye chini ya mti tukazungumza. Masomo ya shule ya msingi ni ya bure katika shule za serikali tangu mwaka 2019, lakini sekondari si bure, na daftari, viatu na dawa si bure. Mfuko wa makala kwa mama huyo ni ada ya mtoto mkubwa. Anayemwambia aache tu, bila kumwonyesha njia nyingine, hajasema kitu.

Lakini mama huyo anajua pori kuliko sisi wenye diploma, na alipoona hatukuja kumkataza, alitufundisha. Alisema usijenge tanuri juu ya visiki, kwa sababu moto ule unapika udongo na mizizi pamoja, na mahali pale panabaki patupu miaka mingi. Alisema ukirudi pale pale kila mwaka kukata fito changa, kisiki kinachoka na kufa. Alisema tena kwamba adui yake mkubwa si mchomaji mwenzake. Ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, unaowashwa na watu wanaowinda panya au wanaosafisha mashamba na kuondoka bila kuuzima.

Maneno yake yanakubaliana na kazi iliyofanyika ng'ambo ya mpaka, Ndola, tangu miaka ya 1930. Watu wa misitu huko Zambia waligawa pori la miombo vipande. Kimoja walikichoma kila mwaka mapema, wakati majani bado yana unyevu. Kingine walikichoma mwishoni mwa kiangazi. Kingine walikikinga na moto. Baada ya miaka mingi, kipande kilichochomwa kwa kuchelewa kilikuwa karibu majani matupu. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake. Kilichokingwa kiligeuka msitu mnene. Udongo mmoja, mvua moja. Tofauti ilikuwa mwezi wa kuwasha kiberiti. Moto wa mapema unapita chini na kuzimika upesi. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi unakuta kila kitu kikavu, na unakuta miti imeanza kutoa majani mapya ya zambarau na nyekundu. Unaunguza yale yale ambayo kiwavi angekula.

Tuliliona hilo kwenye kipande chetu cha vitambaa. Upande mmoja wazazi walifyeka njia ya kuzuia moto mwezi wa tano. Upande mwingine haukufyekwa, na mwezi wa tisa moto ukaingia. Mvua zilipokuja pande zote mbili zilichipua, maana mizizi ilikuwa hai. Lakini upande ulioungua ulianza upya kutoka chini, na upande uliokingwa machipukizi yake sasa yanawapita wanafunzi urefu.

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache, ambayo hayangoji msaada wa mtu yeyote.

La kwanza ni la jikoni. Maharagi yalowekwe usiku mzima kabla ya kupikwa. Sufuria ifunikwe. Mbabula ya bati ivikwe udongo wa mfinyanzi ndani ili joto lisikimbie. Makala yanayobaki yazimwe na kutunzwa. Mama anayepika sombe na maharagi mara kadhaa kwa juma ataona tofauti ndani ya mfuko wake, na pori litaiona vilevile.

La pili ni la moto. Anayetaka kuchoma majani karibu na shamba achome mwezi wa tano au mapema mwezi wa sita, jioni, akiwa na watu wa kusaidia. Baada ya hapo kiberiti kikae jikoni. Watoto wanaokwenda kuwinda panya waambiwe na wazazi wao, kwani wakiambiwa na walimu peke yao haitoshi.

La tatu ni la mchomaji. Asijenge tanuri juu ya visiki, asing'oe mizizi pasipo shamba, na mahali palipokatwa papumzike. Tena tukubaliane pamoja miti isiyokatwa: musuku na mupundu kwa matunda, na mutondo fulani ambao kila mtu anajua viwavi vinaupenda. Wabisa wa eneo la Kopa, Zambia, wana desturi ya kuangalia mayai ya viwavi, kukinga miti yao na moto wa kuchelewa, na kungoja wakati uliokubaliwa kabla ya kuokota. Hawakusubiri mradi. Kwetu pia mfumu wa kijiji akisema, watu wanasikia.

La nne ni la kupanda, lakini kupanda miti ya kuchoma. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, hekta kama 8 000 zilipandwa akasia, kila familia ikapewa hekta 25. Wanalima muhogo na mahindi katikati ya miti, wanapata asali, na miti ikikomaa wanaichoma makala na kuanza tena. Sisi hatuna hekta 25. Lakini mstari wa akasia kwenye mpaka wa shamba hauhitaji hekta, na kila mti wa akasia unaoingia kwenye tanuri unaacha mutondo mmoja umesimama.

La tano ni la sheria. Tangu amri ya mwaka 2014, jamii ya kijiji inaweza kuomba msitu wake utambuliwe kuwa msitu wa jamii, hadi hekta 50 000, na kuusimamia yenyewe. Ni njia yenye makaratasi mengi, vikao vingi na uvumilivu. Lakini kijiji chenye karatasi mkononi kinaweza kumuuliza mgeni mwenye msumeno: nani amekutuma? Kijiji kisicho nayo kinabaki kumtazama akipakia. Vikao hivyo vikiitishwa, wamama wasiachwe nyuma kupika. Wao ndio wanaojua bowa unaota wapi.

Yule mama wa makala bado anachoma. Lakini sasa anachoma pembeni mwa visiki, na yeye ndiye anayewaonyesha wanafunzi wetu kisiki kipi kiko hai na kipi kimekufa: anakwaruza ganda kwa kisu na kutazama kama ndani kuna unyevu. Mwaka huu amepanda akasia kwenye mpaka wa shamba lake la mahindi. Tunasema hivyo si kwa sababu shida imekwisha, bali kwa sababu yeye, mwenye haki ya kukata tamaa kuliko wengi wetu, hakusema pori limekwisha.

Mwezi wa tano hauko mbali. Kila familia yenye shamba karibu na pori ichague kipande kimoja chenye visiki vilivyo hai, ifyeke njia ya moto kukizunguka, na kukiacha kipumzike. Mwenye jembe na panga alete, asiye navyo alete maji ya kunywa. Watoto wetu watafunga vitambaa.